Siku Linux Iliponitii Mbele ya Wakulima

Jamani, haya ninayowasimulia hata mke wangu sijawahi kumweleza yote (yeye aliyasikia sokoni, yakiwa yametiwa chumvi, na kwa bahati mbaya ile chumvi yenyewe ilikuwa ya kweli), lakini kwa kuwa leo mmenibana na mmeshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, basi acheni niseme mwenyewe: mimi ndiye yule bwana shamba wa Ihanja aliyeumbuliwa na shamba lake, ukutani, mbele ya wakulima arobaini na bosi wake.

Nianze na ugonjwa wangu. Wenzangu wana mpira, wengine wana bia, mimi nina Linux. Laptop yangu ilikuwa imechoka, unaiwasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado inawaka, halafu flashi za ofisini zikaijaza virusi, ndipo jamaa niliyesoma naye chuo akaniambia weka Linux, ni nyepesi, ni ya bure, virusi huvisikii. Yote yalikuwa kweli. Alichosahau kuniambia ni kwamba mtu akishaweka Linux haachi kuitengeneza. Na mimi, badala ya kuandikia ripoti kama watu wenye akili timamu, nikataka kuchezea gemu, tena gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, ambayo kwenye Linux lazima uweke programu ya katikati ya kuidanganya ijione iko kwao. Leo inakubali, kesho unasasisha kitu kimoja kidogo, skrini inakuwa nyeusi. Keshokutwa picha ipo, sauti hakuna. Mtondo sauti ipo, lakini trekta la humo ndani linalia kama mbuzi. Unaingia kwenye majukwaa ya mtandaoni kutafuta msaada, unamkuta mtu alikuwa na tatizo lako hilohilo miaka sita iliyopita, na chini ameandika "nimeshatatua, asanteni", basi, kaondoka, hakusema ametatua vipi (mtu huyo mpaka leo nina maneno naye).

Na gemu yenyewe, chekeni tu, ni ya kilimo. Ndiyo. Bwana shamba mzima, nalipwa nikae na wakulima, halafu muda wangu naumalizia kwenye kompyuta nikilima. Nilikuwa na matrekta manne humo ndani na ekari arobaini za alizeti.

Sasa mumjue Mama Zuhura, maana bila yeye hiki kisa kingekuwa cha kuchekesha tu. Mama Zuhura ni mjane, ana ekari mbili, na msimu ule alikitolea kikundi chetu cha wakulima nusu ekari, ile iliyo kando ya barabara, yenye udongo mzuri, tuifanye shamba darasa la alizeti. Kanuni niliziweka mimi mwenyewe kwa mdomo wangu: mbegu mpya, mistari ya kupima kwa kamba, na mtu asiguse kitu mpaka mtaalamu afike aonyeshe. Mama akatii. Alizeti ikaota, magugu nayo yakaota, akanipigia simu, "Bwana Shamba, tupalilie?" nikamjibu, "Subiri kidogo mama, niko shambani, nakuja Jumatano." Jumatano nilikuwa napambana na draiva ya skrini, ile programu inayoiletea gemu picha. Akapiga tena wiki iliyofuata, nikamwambia, "Bado niko shambani, mama." (Nilikuwa navuna shayiri.) Nilipofika, magugu yalikuwa magotini na alizeti ina vichwa kama vifungo vya koti. Ile nusu ekari haikumpa hata gunia moja, na mjane mwenye ekari mbili hana nusu ekari ya kuchezea. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tutaongea kabla ya mvua."

Kabla ya mvua ikafika. Kikao kikaitishwa Novemba, asubuhi, kwenye ghala la kijiji, ajenda kuu ikiwa ni moja: je, Mama Zuhura anatoa tena shamba lake au hatoi? Bosi wangu kutoka wilayani akasema atakuja kusikiliza mwenyewe. Wengine wote wenye mashamba kando ya barabara walikuwa wameshanikwepa, kwa hiyo mama akikataa, kikundi hakina pa kujifunzia na mimi sina cha kumwonyesha bosi. Nikaandaa somo zuri la picha na maelezo, nafasi ya mstari hadi mstari, kupunguza miche, palizi ya kwanza, ya pili, niombe msamaha kiutaalamu bila kuutaja, na nikaazima projekta.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimeshinda vita yangu kubwa kuliko zote. Gemu ilikuwa inakataa katakata kwenda kwenye televisheni ya nyumbani, nikiunganisha waya inabaki kwenye laptop, basi nikakaa na ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri siku tisa, nikaandika amri yangu mwenyewe: laptop ikiunganishwa na skrini yoyote kubwa, gemu ihamie huko, ijae, na skrini ndogo ibaki na kazi nyingine. Ilipokubali nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepata mtoto.

Asubuhi ya kikao nilikuwa nachezea kidogo, kupunguza presha. Kibarua wangu (humo ndani unaajiri vibarua) alikuwa anavuna alizeti, amebakiza robo. Nikifunga gemu, kuifungua tena ni shughuli ya robo saa na dua. Nikaona, aah, naiacha ukurasa wa pili (Linux ina kurasa kadhaa za kazi, ukiwa huu ule huuoni), somo nalitanguliza mbele, nafunga mfuniko tu, laptop ilale. Linux yangu ikilala haiamki, lazima uizime na kuiwasha upya, kwa hiyo gemu itajifia yenyewe njiani, na ikiamka ni bahati yangu, kibarua ataendelea. Huo ndio uamuzi wenyewe. Kidole kimoja kingenitosha kuifunga.

Ghalani watu walikuwa wameshajaa, madirisha yamezibwa kwa maturubai ya kuanikia alizeti ili giza liingie. Nikasalimia, shikamoo huku, shikamoo kule, Mama Zuhura akaniitikia marahaba kavu kutoka mstari wa mbele, pembeni yake mwenyekiti wa kikundi, Mzee Elia, na nyuma yao bosi na daftari lake. Nikafungua laptop. Ikaamka! Haijawahi, tangu niwe nayo, lakini siku ile iliamka fresh kabisa, na somo langu likiwa mbele, na kwa furaha ile nikasahau kabisa kwamba kuna ukurasa wa pili. Nikachomeka waya wa projekta, mwanga ukatoka, mimi nimewageukia watu, ukuta uko mgongoni, na kwenye laptop naona somo langu safi.

"Mnaona vizuri?" nikauliza.

"Tunaona vizuri sana," akasema Mzee Elia, polepole, macho yamemtoka.

Nikaanza. Jamani, sijawahi kufundisha watu wakatulia namna ile. Kawaida kuna wanaosinzia, kuna mama anachambua maharage, lakini siku ile hata watoto mgongoni walinyamaza. Nikapata nguvu, nikapandisha sauti, nikasema siri ya alizeti ni kujituma, mkulima lazima awepo shambani mwenyewe kwa miguu yake. Mtu wa nyuma akaguna, "Eeee!" nikajua ujumbe umefika.

"Bwana Shamba," Mzee Elia akanyoosha mkono, "hilo trekta ni la nani?"

"Trekta si lazima, Mzee," nikamjibu kwa tabasamu la kitaalamu, "tukianza na jembe la mkono inatosha."

Watu wakatazamana. Mama Zuhura akauliza, "Na hilo shamba lenyewe liko wapi?"

Nikaona huu ndio mlango wa msamaha. Nikaweka mkono kifuani nikasema, "Mama, lile shamba ni lako, na lipo palepale. Mimi nilikuwa mtumishi tu."

"Langu?" akasema. "Hebu geuka."

Nikageuka. Ukuta mzima wa ghala, kuanzia sakafuni mpaka kwenye mabati, ulikuwa alizeti ya manjano, na katikati yake mashine nyekundu inavuna bila kupumzika, kibarua wangu ameketi juu yake, na pale juu kwa herufi kubwa nilizoziandika kwa mkono wangu: SHAMBA LA BWANA SHAMBA. Ile Linux ambayo haijawahi kunitii hata siku moja iliamua kunitii siku hiyo, neno kwa neno, kama nilivyoiamuru.

Nikakosa akili. Badala ya kuchomoa waya nikaruka nikasimama mbele ya ukuta nimetanua mikono, matokeo yake ile mashine ikanivuna mimi, inapita kwenye shati langu jeupe kutoka begani hadi mfukoni. Nikarudi kwenye laptop nikabonyeza kila kitufe, mashine ikatoweka, ikaja ile orodha ya gemu zangu, na bosi, ambaye Kiingereza chake hakina shida, akasoma kwa sauti kutoka kule nyuma, "Muda uliochezwa, saa mia nne na kumi na mbili."

Hapo ndipo ghala lilipolipuka. Kuna mzee mmoja alitoka nje kabisa akashika nguzo. Halafu, na hili ndilo liliniuma zaidi, wakaanza kuniuliza maswali, maana wakulima ni wakulima, wakasema nirudishe lile shamba waliangalie. Nikarudisha, ningefanya nini? Mbona mistari imekaribiana hivyo, mbona ndege hawagusi alizeti, ng'ombe wa jirani wako wapi. Mama Zuhura yeye alikuwa hajacheka. Alisogea mpaka ukutani, akatazama chini ya mashina kwa makini, kama anatafuta kitu alichodondosha.

"Mbona hamna magugu?"

Ningeweza kusema uongo, na kusema kweli nilijaribu kuutafuta, ukakataa kuja.

"Niliyazima, mama," nikasema. "Kwenye mipangilio. Kuna mahali unabonyeza, magugu yanakuwa hayaoti."

Watu walicheka mpaka wakalia machozi, Mzee Elia anapiga goti lake, bosi amejificha nyuma ya daftari. Mama Zuhura alisubiri wanyamaze. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kumbe simu zote zile ulikuwa shambani kweli. Ila langu ndilo ambalo magugu yake hayazimiki." Akaenda kukaa. Hapo niliona aibu ambayo haina utani ndani yake, aibu ya mtu aliyemlaza mwenzake njaa kwa sababu ya mchezo.

Mzee Elia akamuuliza kama anatoa shamba. Akasema hatoi. Nusu ekari yake atailima mwenyewe, kwa namna yake, na mtu asimwambie asubiri. Bosi akaandika, akafunga daftari, akaniambia kwa upole uliozidi matusi kwamba tutaonana ofisini (tulionana, hayo siyasimulii).

Basi mvua zikaja. Mama Zuhura akapanda alizeti, kwa kamba, ile kamba aliyojifunza kwetu kabla sijapotea, akapunguza miche siku aliyoona inafaa, akapalilia mara mbili bila kumpigia mtu simu. Kufikia Machi wapita njia walikuwa wanasimamisha pikipiki kuangalia. Kikundi kikaanza kwenda kwake Jumatano, kwanza wawili, kisha kumi, sasa wanakwenda wote, anawatembeza kwenye mistari na kuwaeleza alichofanya na kwa nini. Mimi pia nakwenda. Nakaa nyuma na daftari langu.

Gemu bado ipo, siwezi kuwadanganya, ila nimeapa kwamba mkulima akinipigia simu natoka kwanza ndipo naipokea, nikiwa nimeshavaa viatu. Jumatano iliyopita mama alimaliza kueleza jinsi ya kujua kichwa kimekomaa, akazungusha macho kwa wote, yakanifikia kule nyuma, yakatulia.

"Bwana Shamba, umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya, waeleze wenzako nilichosema."

Nikasimama, nikawaeleza.