Sarafu Saba za Mtambwe

Watu huniuliza nilianzaje kukusanya sarafu za kale, wakitaraji kusikia habari ya kitabu au ya Mzungu fulani aliyenifungua macho. Hakuna Mzungu. Nilianza kwa sababu nilikatazwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikiishi Mtambwe kwa bibi yangu mzaa mama. Zilikuwa zama za siasa, kabla ya uhuru, na kila mtu Pemba alikuwa na chama chake na asili yake ya kukusimulia hata hujamuuliza. Mbele ya kijiji chetu kuna kisiwa kidogo ambacho maji yakitoka unakiendea kwa miguu, ukikata katikati ya mikoko. Huko kuna magofu ya mji wa zamani. Sisi wanawake tulikuwa tukienda kuokota chaza.

Siku moja, baada ya mvua za vuli, niliona kitu chembamba cha kijani pale ukingo wa pwani ulipomeguka. Kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nilidhani gamba la samaki, mpaka nilipokigonga kwenye jiwe kikalia.

Nikampelekea bibi. Hakukigusa.

"Rejesha ulikokitoa," akasema. "Vitu vya kule vina wenyewe."

Wenyewe ni mashetani wa magofuni. Watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wakiwapelekea ubani na mayai. Mjomba wangu yeye hakujali mashetani. Alikitazama kile kisarafu akacheka kwamba hakinunui hata kiberiti. Basi mmoja ananiambia ni cha kuogopwa, mwingine ananiambia si kitu, na wote wawili wanataka nikitupe. Nikakitia katika kopo tupu la poda. Kila tulipokwenda chaza nilichelewa nyuma, na Ramadhani ilipokaribia kwisha nilikuwa nazo saba.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwetu, siku mbili kabla ya Idi, masinia yote ya shaba husuguliwa kwa ukwaju na jivu mpaka ujione uso. Nyumba yenye sinia lililofubaa husemwa mwaka mzima. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na shaba nilikuwa naijua kwa njia hiyo tu. Nikachukua sarafu mbili nikazisugua pamoja na masinia. Ziling'aa kweli. Nilipozisuuza, zilikuwa laini pande zote mbili; maandishi yametoka pamoja na ule ukijani. Nililia kwa hasira. Bahari ilikuwa imeziachia maandishi yake muda wote ule, mimi nikayamaliza kwa asubuhi moja.

Tano zilizobaki nilizipitisha kwenye maji baridi tu, nikazianika juu ya kanga. Herufi zilikuwa za Kiarabu. Nilikuwa nimeshahitimu Kurani chuoni, nikaziunga moja moja, na katika kila sarafu nikalikuta jina la Mola.

Haikupita mwezi, mtoto wa mama mdogo, tuliyekaa naye nyumba moja, akashikwa na homa. Alikuwa bado ananyonya. Nilisema apelekwe hospitali Wete, nikaambiwa ninyamaze. Akaitwa mganga, akafukiza, akasema nyumba hii imeingia kitu cha magofuni, kisiporudi mtoto harudi. Wote wakanigeukia. Bibi akasema, "Lete hilo kopo." Kumbe alikuwa akijua lilipo siku zote.

Nililipenda lile kopo kuliko nguo zangu za Idi, na nilijua likitoka mlangoni sitaliona tena. Nikalileta, lakini nikampigia bibi magoti nikamtia sarafu moja kiganjani.

"Soma, bibi."

Akasoma kwa kidole, taratibu, midomo ikicheza.

"Shetani gani huyo," nikasema, "anayeandika jina la Mola kwenye mali yake?"

Mjomba akasema sina adabu. Kweli, siku ile sikuwa nayo. Mganga akainamia chetezo chake. Bibi akazisoma zote tano, kisha akaziweka pembeni.

"Zino hazendi kutupwa mchangani," akasema. Akaziokota zile mbili nilizozisugua. "Na zino? Zimeandikwa nini?"

Alizifunga kitambaani pamoja na ubani, akazipeleka mwenyewe, maji yalipotoka.

Bibi akiwa kule, mama mdogo alimbeba mwanawe mimi nikamfuata, tukaenda Wete bila ya kuaga. Mtoto akapigwa sindano. Kesho yake homa ilishuka. Kijiji kizima kikazishukuru sarafu mbili. Nilisema ni sindano, nikasema tena, nikachoka.

Siku ya tatu nilikwenda magofuni peke yangu. Kitambaa kilikuwa chini ya jiwe, kwenye ukuta wa msikiti wa zamani. Nikachukua sarafu zangu. Ubani niliuacha, haukuwa wangu. Nilikwenda mbio njia nzima, nikafika, nikamkuta mtoto anacheka. Leo ana kipara na wajukuu.

Nilijiambia hakuna ajuaye. Ikaja Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Bibi akanipangia masinia mbele yangu, akaweka bakuli la ukwaju na jivu.

"Sugua masinia tu," akasema. "Vile viwili vyako viache, vishateswa vya kutosha."

Nikauacha ukwaju, nikamtazama.

"Nlikwenda kutazama," akasema. "Nkakuta ubani mtupu."

Nilingoja anitukane. Akavuta kibao cha mbuzi, akakaa kando yangu, akaanza kukuna nazi. Sikumwomba radhi, wala hakunidai.