Intaneti Inayokatika Nyumbani kwa Ema

Ema hakuwa na hamu hata chembe ya kuhamia Makambako. Kazi aliipenda, yeye na mwenzake Remmy walikuwa wakitengeneza programu ya kufuatilia malori ya mbao. Lakini ofisi ilikuwa Lyamkena, huko huko Makambako, na yeye alikuwa na mama mwenye miguu mibovu hapa mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, asiyetaka kusikia habari ya kuhama wala ya dada wa kazi.

Basi akaigeuza kompyuta yake kuwa ofisi. Akaipanga isizime hata akiiacha, akaweka nywila, akamtumia Remmy kiungo cha kuingilia. Remmy akawa anaandika akiwa Lyamkena, maandishi yanatokea papo hapo sebuleni kwa Ema. Raha iliyoje!

Raha haikudumu. Kila Ema akiinuka kwenda gengeni au kuchochea jiko, Remmy anakatika. Akirudi anakuta taa za modemu zinawaka vizuri tu, hakuna kilichoharibika. Akabadilisha laini, akabadilisha mipangilio, akailaani minara yote ya simu aliyoijua. Mwishowe bosi wao, Hezekia, akachoka.

"Dada Ema, leo ndiyo mwisho. Ikikatika tena, Jumatatu uje ukae huku."

Siku hiyo Ema hakubanduka kitini mpaka mkaa ulipoisha jikoni. Akatoka mbio, akafika getini, akakumbuka kwamba hela ameziacha. Aliporudi ndani alimkuta mama yake ameinama ukutani, kidole kiko kwenye swichi ya modemu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nyamaza, mwanangu," mama alinong'ona, akiionyesha kompyuta. "Wamerudi. Kila ukitoka tu, mtu anaandika humo na kiti kitupu. Redioni walisema ukiona hivyo ni wezi, zima intaneti. Basi nazima mpaka waache, halafu nawasha. Sikutaka kukutia hofu."

Ema hakujua acheke au alie. Akaung'oa ule mkono swichini taratibu kabla haujazima, akafungua maikrofoni.

"Remmy, msalimie mama. Anakuona mwizi."

"Kamwene, mama!" Remmy akamsalimu kwa lugha ya nyumbani kutoka Lyamkena.

"Kamwene," mama akaitikia, kwa shingo upande.

Hezekia alikuwa amesimama nyuma ya Remmy na alikuwa amesikia yote. Alicheka mpaka akapaliwa. "Ema, baki huko huko! Mlinzi wa namna hiyo sisi hatuna."

Ema akajikalia sakafuni kwa furaha. Wiki nzima alikuwa halali vizuri, na sasa alijisikia mwepesi, tena mwepesi kweli.

Mama ndiye hakuwa ameelewa. "Ubaki huku kwani ulikuwa unakwenda wapi?"

Ema hakuwahi kumwambia habari ya tishio la Hezekia. Akamwambia sasa, yote, pamoja na ile Jumatatu. Mama akaitazama swichi, kisha akakitazama kidole chake.

"Kumbe nilikuwa nakufukuza kwa mkono wangu mwenyewe," akasema, akamvuta mwanawe kifuani, akakataa kumwachia.