Machozi Aliyoniibia Mwalimu Salumu

Majivu yaliyochanganywa na mafuta ya mawese yana harufu nzito, na hayo ndiyo yaliyokuwa poda yetu. Mwalimu Salumu, aliyeongoza kikundi cha maigizo cha watoto pale Kasongo, alinipaka usoni kwa vidole vyake mwenyewe, maana nilicheza yatima. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kucheka ovyo, na kila tulipofanya mazoezi kilio changu kiliwavunja mbavu wenzangu. Kiangazi kile tulipelekwa Kabambare kwa pikipiki, siku mbili za mashimo na vumbi. Uwanja ukajaa. Kabla sijatoka mbele ya watu, Mwalimu aliinama akaninong'oneza: "Zaina, habari imefika toka Kasongo. Mama yako amekufa. Wamemuzika jana."

Nililia. Wanawake wa Kabambare walijifunga vitenge viunoni wakalia nami, wanaume wakasimama kupiga makofi. Kesho yake tukacheza tena kijijini Lusangi, naye akaniagiza nilie vile vile. Njia nzima ya kurudi hakuniambia kwamba alinidanganya. Nilijua tulipofika nyumbani, nikamkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaniuliza kwa nini nimekonda. Niliogopa kukitamka kifo chake, nisije nikakiita.

Tangu hapo sijalia tena. Nimefanya kazi ya ubalozi miaka mingi, na wakubwa wangu huusifu uso wangu usiosomeka kwenye meza ya mazungumzo. Hawajui niliupata wapi. Nilimzika mume wangu macho makavu, mashemeji wakasema sikumpenda. Nilimpenda mno. Kwa hilo namchukia Mwalimu, na sioni haya kusema.

Sasa watu wa Kasongo wanataka kumpa heshima hadharani, naye ameniandikia barua akiniomba nije kumtolea ushuhuda, mimi "mwanafunzi wake bora". Zamani nilikuwa mtoto asiye na sauti. Leo yeye mwenyewe ananishikisha kipaza sauti. Nimemjibu kwa adabu zote za kazi yangu kwamba nitafika, na nitasimulia kila kitu nilichojifunza kwake. Kisha nikampigia mama simu, nikamweleza habari ya Kabambare kwa mara ya kwanza.

"Huyo mwalimu iko muzima bado?" aliuliza.

"Iko muzima, mama."

"Basi uniwekee kiti ya mbele. Ninataka anione muzuri."