Mzee, Unaonaje, Tuchome?

Jumatatu nilikuwa gereji moja hapa Kakamega nikingoja baiskeli yangu, nikamsikia mwalimu wa kike akimwambia fundi, "Gari langu litoe rangi kwa msasa. Usitumie moto. Bati ni jembamba, na tangi lina petroli."

Fundi akamgeukia mwanamume aliyeleta tairi kuzibwa pancha. "Mzee, unaonaje? Tuchome?"

Mzee, ambaye gari lile alikuwa hajaliona maishani, akakunja mikono kifuani. "Choma tu. Msasa unachukuanga wiki nzima."

"Umesikia, mama?" Fundi akawasha moto wa gesi na kuusogeza karibu na buti ya gari.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha tangi. "Haya, choma. Anza na mimi."

Fundi alitafuta macho ya mzee, kumbe mzee ameshafika barabarani, tairi kaliacha. Moto ukazimwa.

"Mama, tuanze na msasa gani?"

Nimejiuliza sana kwa nini ushauri wa wanaume kuhusu mali ya wanawake hutolewa bure. Sasa najua: mtoaji hangoji kuona ushauri wake utaishia wapi.