Jivu Kwenye Skonzi za Limau

Siku hiyo uani kwetu, mtaa wa Bondeni, tulikuwa wanne. Mama yangu, Nyambura. Anti Wangari, mdogo wake, aliyekuwa akiposwa. Mama Achieng, jirani wa mlango wa pili, bwana yake alikuwa mtu wa reli. Na mimi, Njeri, miaka tisa. Achieng, rafiki yangu, alikuwa kitandani na malaria, lakini dirisha lao liliangalia jiko letu, kwa hivyo hata yeye namhesabu.

Nimeyakumbuka kwa sababu Jumapili mjukuu wangu aliniletea skonzi alizooka kwa oveni. Nikaigeuza moja, nikaangalia chini, nikanusa.

“Shosho, kula, si sumu.”

“Umeweka chungwa,” nikamwambia. Sisi tulianza na limau.

Mama hakuwa na oveni. Aliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, mkebe wa skonzi ndani, bati juu, na makaa juu ya bati. Ganda la limau alilikuna kwa kopo alilotoboa na msumari. Iliki na mdalasini alizitwanga akiwa ametupa mgongo, mtu asione. Na bati haliguswi mpaka aseme yeye, kwa sababu ukiliinua vibaya jivu lote linaingia ndani.

Mlimau ulikuwa wa Mama Achieng. Alikuwa akitupatia malimau bure, halafu anauliza, “Jirani, hiyo harufu itaniua. Unatia nini?”

“Unga tu, mama.”

“Basi huo unga wako umejipaka mafuta ya harusi.”

Wanacheka, lakini mama anafunika iliki.

Siku hiyo wageni wa Anti walikuwa wanatoka Longonot. Mama akaenda kupanga foleni ya maji. Kurudi, bati limekaa upande, skonzi zimejaa jivu, na moja haipo. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Achieng, ndoo bado mkononi.

“Si ungeniuliza tu?”

“Nyambura, mimi nikifunua sufuria yako, nitaacha moja kweli?”

Mama hakucheka. Wageni walikunywa chai na mkate wa duka, skonzi wakapewa kuku. Tangu hapo mama hakukanyaga kwa Mama Achieng. Malimau yalianguka yakaoza pale pale, sisi tukahamia machungwa. Bwana wa Mama Achieng alipohamishwa Kisumu, lori lilipakiwa mchana mzima, na mama alikaa nyuma ya pazia mpaka likaondoka. Hakupata rafiki mwingine wa kumficha iliki.

Mimi nilikuwa nimemwona Anti akikung’uta jivu kwenye leso, na sikumwambia mama. Nilimshuku miaka yote, hadi tulipomzika. Lakini Anti ndiye aliyewasha jiko asubuhi, kwa hivyo jivu kwenye leso yake halikuwa ajabu.

Na kuna jambo linanisumbua. Skonzi ile moja iliyopotea, naijua ladha yake, ingawa siku hiyo hakuna aliyenipa. Ilikuwa moto wa kuunguza ulimi, iliki inatangulia, limau inakuja nyuma.

Mlimau ulikatwa, sasa pale pana kibanda cha kutengeneza simu. Achieng, kama uko hai na mtu anakusomea haya, sema ulichoona kupitia lile dirisha. Pale nilipokosea nirekebishe, hata kama mkono ulikuwa wangu.