Mtunza Jino

Mtunza vielelezo wa mji wa Kasongo hufuta mikono mpaka ikauke ndipo aguse bahasha ya kielelezo, kwani unyevu ukiingia, maabara ya mbali haitasoma vinasaba. Mama Dieudonnée amekuja kwa pikipiki kutoka Wamaza kuuliza hali ya jino lililookotwa shambani, ambalo huenda ni la mwanawe aliyepotea vitani.

“Iko muzima, mama. Mu sashe ya plastiki ingetoka jasho, ioze. Mu karatasi inapumua.”

“Kama mbegu ya karanga?”

“Ni vile.”

“Na panya?”

“Panya inaniogopa. Muke wangu tu ndiye haniogope.”

Kisha anagonga kabati lenye bahasha ya jino taratibu kwa kidole, kama afanyavyo kila akitaka kulifungua, na kusema, “Hodi.”

Mama Dieudonnée anatabasamu, anaitikia kwa niaba ya mwanawe: “Karibu, baba.”