Aliyeujua Mwendo wa Mama Yangu

Mama ndiye aliyenipigia simu asubuhi kunieleza kwamba yule mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye wagonjwa wake wote walimwita docteur, amefariki. Alilia mpaka nikashindwa kumwelewa. Marehemu hakuwa ndugu yetu wala jirani. Mimi na yeye tulisalimiana tu tukikutana mtaani Nyawera, kisha kila mtu akashika njia yake. Wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikiwasifu waliotutoka, na huyu nitamsifu pia, kwa sababu anastahili. Lakini niseme mapema: nilimwonea wivu akiwa hai, na kifo chake hakijaniondolea wivu huo.

Mama alikuwa mbebaji. Mnawaona kila siku wanawake hao wa Bukavu, mzigo mgongoni, mkanda umeshika paji la uso, wakipanda kutoka bandarini hadi sokoni. Kwa kazi hiyo alitusomesha sote. Uzeeni goti lake la kushoto likaanza kumsaliti, akaanguka kwenye ngazi za udongo za nyumbani, akaanguka tena. Sisi watoto tukakutana, tukaamua asitoke tena: soko basi, jumuiya basi, misa ataisikiliza redioni. Hakubishana. Aliketi barazani siku nzima, akawa anakula kwa kubembelezwa, na sisi tukijisifu kwamba tunamtunza. Dada yangu alipoona anazidi kunyamaza, akaamua kumpeleka kwa yule bwana. Nami nikafuatana nao, nikiwa nimenuna.

Bwana huyo alikuwa na vihisi vya mwendo, vifaa vidogo kama kiberiti, ambavyo alivifunga kwa mikanda kwenye miguu, mapaja na kiuno. Mtu akitembea, vinapeleka habari kwenye kompyuta, nayo inachora mistari inayoonyesha goti linavyokunjwa na mguu upi unaobeba uzito. Mama, kwa kuwa anakwenda kwa daktari, alivaa kitenge cha sikukuu na viatu vya misa. Alipoambiwa atembee, akatembea kama anapeleka vipaji altareni, shingo imenyooka, hatua za taratibu, tabasamu kidogo. Mistari ikatoka safi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme mashine haina kitu, yule bwana akaangua kicheko.

“Maman, leo si misa! Tembea tu vile unaendaka ku soko.”

“Mbele ya docteur nitembee ovyo?” mama akamaka. “Batu batasema nini?”

Hakumlazimisha. Aliingiza vifaa vyake kwenye mkoba, akaja nasi mpaka nyumbani, akasubiri mama abadilishe nguo, kisha akamfunga vile vihisi pale pale kwenye ngazi zetu. Mama akapanda na kushuka kama kawaida yake, akimpigia hadithi za Luhwindja alikozaliwa. Hadithi hizo mimi nilikuwa sijawahi kuzisikia. Baadaye bwana akanigeuzia kompyuta.

“Papa, munamushikaka wakati gani?”

“Wakati wa kupanda,” nikajibu kwa uhakika.

“Kupanda anapandaka muzuri. Ni mu kushuka njo goti inamuacha. Usimame mbele yake, chini kidogo, aweke mukono ku bega yako.”

Alimpa mazoezi, akarudi mara kwa mara kumpima, na baada ya muda mama alikuwa sokoni tena, bila mzigo, akigombana na wauza mboga ya sombe kama zamani. Nilifurahi, na nilichukia. Mimi ndiye ninayelipwa kutazama watu wa mji huu. Nimeandika mara nyingi juu ya wanawake wabebaji, na nikizisoma safu hizo leo, naona nimeandika juu ya magunia. Uzito wa gunia, urefu wa mlima, serikali iko wapi. Yeye alishughulika na jinsi kisigino kinavyogusa ardhi. Nadhani wengi wetu tuko hivyo, tunaona mzigo wa mtu na tunautolea hotuba, ila mwenyewe hatumtazami.

Siku moja nilimuuliza mama kwa nini mambo yake yote anamweleza mgeni. Hakutafuta maneno.

“Weye unaniulizaka kama nimekula. Ye aliniuliza wapi kunauma.”

Docteur tulimzika kwenye kilima. Walikuja wanawake wabebaji wengi kuliko watu wa ofisini, wengine wameacha mizigo yao kando ya njia. Mama alipanda mwenyewe, na mkono wangu akaukataa mbele ya watu. Wakati wa kurudi, nilitangulia hatua moja chini yake, naye akaniwekea mkono begani. Nilihisi uzito wake wote ukija kwangu, mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaongeza mwendo kidogo, nikijisikia mwana wa kweli.

“Polepole,” akasema. “Ye alikuwa ananingojaka.”

Wivu ulinichoma pale pale, kaburi likiwa bado bichi. Kumpenda mzazi ni rahisi, hata ukiwa umempa mgongo unampenda. Kwenda kwa mwendo wake ndiyo kazi, na kazi hiyo niliachiwa na mtu ambaye sikumpenda. Nikasimama, nikageuka, nikautazama mguu wake wa kushoto mpaka ukatua.